Waya wa Katikati

Katubuka, Kigoma
5 Februari 2024

Mwanangu Elida,

Kosa wanalofanya watu wengi wanapotaka kujitengenezea amplifaya ya hedifoni ni kuanza na sauti. Wanauliza aisii ipi, ile chipu ndogo ya kukuza sauti, ni tamu zaidi, kitufe kipi kinazunguka kwa ulaini, boksi lipakwe rangi gani. Umeme wanaukumbuka mwisho, nao wanaokota chaja yoyote iliyolala kwenye droo. Halafu wanavaa hedifoni, wanasikia mvumo, wanailaumu aisii.

Elewa hivi. Amplifaya haitengenezi sauti. Inachukua umeme wa betri na kuupa umbo la ile sauti ndogo inayotoka kwenye simu. Kinachofika sikioni ni umeme wa betri yenyewe, umechongwa tu. Ukiwa mchafu, utasikiliza uchafu.

Marahaba, nilisahau kuitikia salamu yako. Miaka ishirini na sita ya ufundi umeme melini, na kumi ya kufundisha vijana chuo cha ufundi, imenifanya nianze na somo kabla ya salamu. Nimefurahi kwamba shule imekupa nyumba huko Sigunga, na kwamba mwalimu wa hesabu hajaogopa kushika chuma cha kulehemu. Umeuliza kama nikutumie maelezo kwa simu. Hapana. Kwanza unaniambia mtandao mpaka mpande kilimani, na pili mchoro wa nyaya hausomeki kwenye kioo cha simu. Nitakuandikia, na Meshack wa boti ya Ujiji atakuletea barua pamoja na kifurushi.

Sasa umeme. Una njia tatu. Ya kwanza ni inveta yako ya sola na chaja ya ukutani: inveta za bei hiyo zinalia, na kilio chake kitaingia masikioni. Ya pili ni kuchukua betri moja ya volti kumi na mbili na kuigawa katikati kwa rezista mbili, kwa sababu aisii hii inataka umeme wa juu na wa chini, na sifuri katikati. Wengi hufanya hivyo. Sauti ikiwa ndogo, sifuri inatulia. Ngoma ikipigwa, inayumba, na muziki wote unayumba nayo.

Ya tatu ndiyo yangu. Betri mbili za volti sita, zile ndogo zilizofungwa za taa za dharura, ziunganishwe moja mkiani mwa nyingine. Pale zinapokutana ndipo sifuri yako, na haiyumbi kwa sababu imeshikiliwa na betri kamili kila upande. Mvumo hautakuwepo. Zikiisha nguvu, zinachajiwa pamoja kwenye sola yako kama betri moja ya kumi na mbili. Ndiyo maana nimekuwekea swichi ya pande mbili: upande huu mashine inakula, upande ule inaongea. Usiilazimishe kula na kuongea kwa pamoja.

Kwenye kifurushi utakuta betri mbili, aisii ya miguu minane, kapasita mbili kubwa za volti ishirini na tano (usishangae, kapasita iliyo karibu na ukomo wake haiishi siku nyingi), fyuzi mbili za nyaya za pembeni, rezista nilizozifunga kwenye karatasi zenye majina, na hedifoni nyepesi za sponji. Hizo haziumi masikio wala haziyazibi, hivyo mtu akikuita chumbani utamsikia.

Umesema ni kwa ajili ya redio yako ya jioni. Vizuri. Habari za baba yako sikuulizi, nawe naona hukuzitaja. Tuache hivyo.

Wako,
Jeremia

*

Sigunga
19 Februari 2024

Shikamoo Baba Jeremia,

Kifurushi kimefika, hata rezista hazikulowa. Meshack alizifunga ndani ya koti lake la mvua, mwenyewe akalowa. Alisema, "Mzee kaniambia nikilowesha hivi vitu nisirudi Ujiji."

Nimemaliza kulehemu Jumapili. Nilichoma kidole mara mbili na aisii mara sifuri. Baba, hakuna mvumo kabisa! Niliwasha nikadhani haijawaka. Kisha nikacheza wimbo, nikasikia mpaka mwimbaji anavyovuta pumzi.

Tatizo ni moja tu. Sauti ni ndogo. Nafungua kitufe chote na bado haitoshi. Naomba unielekeze rezista za kubadilisha ili iongezeke mara tatu au nne. Ninaweza kuzipata kwenye redio mbovu ya shule.

Hapa tunaendelea. Mvua ni nyingi, dagaa ni wengi. Nina sauti kadhaa kwenye simu ambazo ningependa zisikike vizuri, ndiyo maana nakusumbua.

Binti yako,
Elida

*

Katubuka
27 Februari 2024

Elida,

Umenipa habari mbili ambazo haziwezi kukaa chumba kimoja. Unasikia mwimbaji akivuta pumzi, halafu unasema sauti haitoshi. Ipi ni ya kweli?

Nimeunganisha nakala ya mashine yako hapa mezani, vipimo vilevile, hedifoni zilezile. Kitufe kikifika nusu, nazivua hedifoni. Kikifika robo tatu, jirani yangu Honorata anaisikia toka jikoni kwake, ananiuliza kama nimenunua kasuku. Kwa hiyo ama umekosea kuunganisha, ama hukunieleza yote.

Pima kwanza. Weka mita kati ya sifuri na waya wa juu: upate zaidi kidogo ya sita. Kati ya sifuri na waya wa chini: vivyo hivyo, lakini hasi. Upande mmoja ukiwa pungufu, betri hiyo haijashiba. Kisha angalia rezista mbili nilizoziandika "R3" na "R4". Hizo ndizo zinazoamua sauti iongezwe mara ngapi. Zimewekwa mara tano kwa makusudi.

Ukizidisha tena mara nne unafika mara ishirini, na hilo sikuruhusu. Nimewaona mafundi wa chumba cha injini waliokataa kuvaa viziba masikio kwa sababu, walisema, mwanamume haogopi kelele. Sikio halitoi moshi likiungua. Linakufa kimya, na mwenyewe ndiye wa mwisho kukubali. Kama huisikii redio kwa mara tano, nenda ukapimwe. Usiongeze.

Nisamehe ukali. Ni wa mwalimu, si wa adui.

Jeremia

*

Sigunga
11 Machi 2024

Shikamoo Baba,

Nimepima. Juu sita nukta tatu, chini sita nukta tatu. Rezista ni zile ulizoandika. Kila kitu kiko sawa na mchoro wako.

Naomba usikasirike na ninayokuandikia sasa. Mashine imeungua. Si yote, ni waya wa kutoka kwenye simu.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Swichi ilikuwa upande wa kuongea kama ulivyoagiza. Jirani yangu mmoja, mtu mzima, alikuwa amekaa baraza ya nyuma akisikiliza kwa hedifoni. Simu ikawa inaisha chaji. Nikachukua ile chaja ndogo ya gari, nikaibana kwenye ncha mbili za betri zako, nikaichomeka kwenye simu ili asikatizwe, nikarudi kukoroga ugali. Dakika haikupita nikasikia harufu ya plastiki. Nilipofika mlangoni waya ulikuwa umelainika kama tambi na sauti ilikuwa imekatika, taa ya kitufe tu ndiyo inawaka. Yeye bado amekaa vilevile, ameupa mlango mgongo, hedifoni masikioni, anatazama ziwa. Nilimwita mara tatu. Nikamshika bega ndipo akageuka, akaniuliza, "Chakula tayari?"

Hakuumia. Simu nayo nzima. Fyuzi zako zote mbili nzima pia, na hilo ndilo linalonichanganya: kama kulikuwa na umeme mwingi wa kuyeyusha waya, mbona fyuzi hazikukatika? Nimekosea wapi?

Elida

*

Katubuka
18 Machi 2024

Mwanangu Elida,

Hukukosea. Nimekosea mimi.

Chaja ya gari haina sifuri yake yenyewe. Inaazima upande wa chini wa betri na kuupeleka kwenye mwili wa simu. Mwili wa simu, kupitia waya wa sauti, umeungana na sifuri ya amplifaya, yaani pale katikati ya betri zako. Kwa hiyo ulipochomeka, betri ya chini ilijikuta imeshikanishwa kichwa na mkia, kupitia waya mwembamba kama uzi wa cherehani. Fyuzi nilizokupa zinalinda nyaya za pembeni. Umeme haukupita huko. Ulipita katikati, mahali ambapo mimi, mwalimu, sikuweka ulinzi wowote kwa kuwa niliona pametulia.

Nakutumia waya mpya na fyuzi ya tatu. Iweke kwenye waya wa katikati. Na simu ikiwa inasikilizwa, isichajiwe kwenye betri hizi hata kidogo.

Hiyo ndiyo sehemu ya ufundi. Kuna ya pili, na nimeanza kuiandika mara nne.

Nimesoma barua yako kama ninavyosoma hitilafu, mstari kwa mstari. Sauti ilikuwa imekatika. Hedifoni zile ni za sponji, haziyazibi masikio. Mtu mwenye masikio mazima, akiwa nazo kichwani bila muziki, ukimwita mara moja toka mlangoni anageuka. Huyu uliita mara tatu. Mashine iko sawa na mchoro, na bado kwake haitoshi. Tena ni mtu mzima, anayekaa barazani kwako, anayekuuliza wewe chakula. Nilisikia nyumba yenu ya Ujiji imepangishwa. Kwa kiburi sikuuliza mwenyewe amehamia wapi.

Elida, huyo si jirani. Ni baba yako, Feliksi.

Wewe ulikuwa jikoni na akina mama siku tuliyomzika mama yako, kwa hiyo nikueleze. Marsiana alilazwa hapa mjini wiki tatu, umbali wa kutembea toka kwangu, na sikuingia kumwona hata mara moja. Mke wangu alifia kwenye wodi ileile. Sababu hiyo sikumwambia mtu. Siku ya mazishi nilikuja na dumu la mawese mkono mmoja na mfuko wa mchele mkono mwingine. Nikamkuta baba yako amekaa chini ya turubai. Nikasimama ubavuni kwake, nikainama, nikamwambia: "Feliksi, pole. Nimekukosea kwa kutofika hospitali. Nisamehe." Hakugeuka. Aliendelea kutazama mbele. Watu wapo, wanatuangalia. Nikaweka mizigo chini nikaondoka kabla ya chakula.

Miaka minne nimekuwa nikisema: niliomba msamaha, akaninyima hata jicho. Tulifanya kazi meli moja miaka ishirini na miwili, yeye chini kwenye injini, mimi juu kwenye nyaya. Ningepaswa kujua kelele ya mahali pale kuliko mtu yeyote. Sisi Waha tunasalimiana kwa makofi, na makofi yanaonekana. Siku hiyo mikono yangu ilijaa, nikasema kwa mdomo tu, tena toka pembeni.

Nijibu jambo moja, usinifichie. Alinisikia?

Jeremia

*

Sigunga
1 Aprili 2024

Shikamoo Baba Jeremia,

Nisamehe. Nilijua ukisikia ni kwa ajili yake hutaniandikia tena. Yeye naye hakutaka jina lako litajwe hapa. Mchoro wako nilimwambia nimepewa chuoni, ingawa mwandiko nadhani aliutambua siku ya kwanza. Aliugeuzageuza, akasema tu, "Huyu fundi anapenda maneno," akaanza kunikatia nyaya.

Zile sauti nilizokutajia ni za mama. Alizituma kwenye simu yangu akiwa wodini, kumi na moja. Kila moja inaanza na "mwambie baba yako." Baba alikuwa akiweka simu sikioni, anatikisa kichwa, anasema, "Nimesikia." Hakuwa amesikia hata moja. Nilikuja kugundua baada ya mazishi, na aliniapisha nisimwambie mtu. Ningeweza kumwandikia kwenye karatasi, lakini maneno yale yalikuwa ya mama, nikataka ayapate kwa mama.

Nimefunga fyuzi ya tatu kama ulivyoelekeza. Mara tano sikuigusa. Nimempeleka zahanati, wametuandikia kuja hospitali ya mkoa kupimwa masikio mwezi Mei. Nilichofanya ni kumwekea hedifoni vizuri, upande wa kulia ambao bado una uhai, nikamfungia na madirisha. Jumanne alisikia.

Barua yako nilimpa aisome mwenyewe. Alikaa nayo siku mbili. Ameandika hii hapa, nami sijaifungua.

Binti yako,
Elida

*

Jeremia,

Mwakeye, nakusalimu kwa Kiha chetu. Mimi si mwandishi, utanivumilia.

Sikukusikia.

La kushoto lilikufa tukiwa bado kazini. La kulia lilifuata polepole. Fundi wa injini akisema hasikii, wanamwambia amezeeka, ashuke. Nikajifunza kusoma midomo na kucheka wengine wanapocheka. Wewe hukugundua kwa sababu wewe ukiongea humwachii mtu nafasi ya kujibu.

Siku ile niliona kwa pembeni mdomo wako unatikisika. Ningesema "rudia," watu wote wangejua, tena siku ya kumzika mke wangu. Nikatazama mbele. Nikajiambia nitamvuta pembeni wakati wa kula, tukae uso kwa uso. Wakati wa kula nikakutafuta, hupo. Mtu akiondoka msibani bila kuonja chakula cha wafiwa, unajua tunavyomhesabu. Nikasema: hospitali hakuja, na chakula changu amekikataa. Basi.

Jumanne mtoto amenivalisha huo mdude wako. Sauti ya sita, Marsiana anasema: "Mwambie baba yako uji wa Jeremia umefika tena leo. Anauleta mpaka getini, anampa mlinzi, anasimama kutazama madirisha, halafu anaondoka. Asimkasirikie. Anaiogopa wodi hii."

Nimesikiliza mara nne. Uji hukuutaja kwenye barua yako.

Betri zako ni nzuri.

Feliksi

*

Ufukweni Sigunga
Jumamosi, 20 Aprili 2024, saa nne asubuhi

Elida mwanangu,

Usishtuke kwa mwandiko huu. Nimeketi juu ya gunia la mihogo, na karatasi iko gotini. Boti imetua sasa hivi. Safari yote Meshack alikuwa akinitania, "Mzee, leo kifurushi ni wewe mwenyewe, nikufunge ndani ya koti?" Nimemtanguliza na barua hii kwa sababu ana miguu ya haraka. Mimi napanda taratibu, magoti hayaitaki hii njia yenu ya mawe.

Mizigo yote anayo yeye: mawese, mchele, na betri mbili za akiba. Nimehakikisha mikono yangu ni mitupu. Nimekuja kula. Kama hamjapika, nitasubiri.

Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu ya kumwambia baba yako, kurasa tatu. Nimeziacha botini. Nitasimama mlangoni na kumpigia makofi kama wazee wetu walivyotufunza, na sitafungua mdomo mpaka aniangalie usoni.

Lakini umeniambia hukaa ameupa mlango mgongo, akitazama ziwa.

Sasa hivi, kabla sijafika, geuza kiti chake kitazame mlango.

Jeremia